Vifaru vya jangwani juu ya meza ya chakula

Kifaru cha Kiingereza kilichoitwa Matilda kilikuwa na uzito wa tani 26 na ushei, na urefu wake ulipata mita tano na nusu. Mwezi wa Desemba mwaka 1940, katika jangwa la Misri karibu na mpaka wa Libya, jeshi la Italia lilikipiga kwa mizinga yake likaziona risasi zikidunda mbele ya macho kama kokwa za embe zidundavyo juu ya paa la bati. Kifaru hicho hicho sasa kimekaa katika kiganja changu. Urefu wake ni sentimita saba na kitu, na uzito wake hauushindi ule wa kitumbua.

Usicheke, ndugu msomaji. Vifaru vidogo vya plastiki si vya watoto peke yao. Ziko nchi, na hasa Uingereza, ambako watu wazima wenye ndevu na wajukuu hukutana mwisho wa juma, wakatandika kitambaa cha rangi ya mchanga juu ya meza, wakapanga majeshi yao, na kupigana upya vita vya El Alamein kwa kufuata kanuni zilizopigwa chapa kitabuni. Kabla ya kusogeza kifaru kimoja hubishana kwa saa nzima juu ya unene wa deraya yake. Nami nimekuwa nikiviunga vifaru hivi kwa muda sasa, vya makampuni mbalimbali, na nimevichezea. Leo nataka kuvipima: kipi kinastahili fedha ya mtu na kipi hakistahili. Yako na mengine ambayo Mwislamu wa pwani hana budi kuyauliza kabla ya kufungua sanduku, nayo nitayafikia.

Asili ya mchezo wenyewe ni ya kijeshi hasa. Mwaka 1812 mtu mmoja wa Prussia, jina lake von Reisswitz, alimpelekea mfalme wake meza ya kuchezea vita, na mwanawe aliyekuwa afisa akautengeneza mchezo ule vizuri zaidi hata mwaka 1824 ukaingizwa jeshini kuwafunza maafisa. Huko Uingereza mwandishi mashuhuri H. G. Wells alitoa kitabu chake cha Little Wars mwaka 1913, akawafundisha raia kupigana kwa askari wa risasi sakafuni. Kisha mwaka 1962 Donald Featherstone, aliyekuwa askari wa vifaru katika Vita vya Pili vya Dunia, akaandika kitabu cha War Games, na tangu hapo mchezo huu haukurudi nyuma.

Mimi nimechagua vita vya jangwani vya mwaka 1940 hadi 1942. Jangwa halihitaji miti wala nyumba nyingi, kwa hiyo mtu hujenga uwanja wake kwa gharama ndogo. Tena vita vile vilikuwa na aina nyingi za vifaru, kila kimoja na ila yake, na ila ndizo zinazoutia mchezo utamu. Na wazee wetu wa Keya, katika miaka ile ile, walikuwa wakipigana na Mtaliano huyo huyo upande huu wetu. Walitoka Kenya wakaingia Kismayu na Mogadishu mwezi wa Februari 1941, na tarehe 6 Aprili jeshi lao likaingia Addis Ababa. Mambo ya Keya huku kwetu tuliyasikia barazani. Yale ya kaskazini hatukuyasikia sana.

Kwanza habari ya vipimo, kwani hapo ndipo wageni wanapopotea. Sanduku likiandikwa 1/76, maana yake kifaru kimepunguzwa mara 76. Matilda wa kipimo hicho ana sentimita saba na nusu hivi. Kwa kipimo cha 1/72 huongezeka kidogo tu, na kwa 1/100 hupungua hata akafika sentimita tano na nusu. Cha 1/56 hupata sentimita kumi, na cha 1/35, kipendwacho na watu wa kuweka kabatini, hupata kumi na sita. Cha kuchekesha ni kwamba hiki kipimo cha 1/35, ambacho sasa ni kama sheria duniani, hakikuanza kwa hesabu ya kitaalamu. Kampuni ya Tamiya ya Shizuoka, Japani, mwanzoni mwa miaka ya 1960 ilitengeneza kifaru cha Panther chenye mota ndani yake. Ukubwa wa mwili ukakatwa kwa kadiri ya kutosha betri na mota, na hesabu ilipokuja kupigwa ikaonekana ni 1 kwa 35. Dunia nzima ikafuata betri.

Nianze na wakongwe, Airfix. Kampuni hii iliasisiwa London mwaka 1939 na Nicholas Kove, mtu wa Hungary, na mwanzo wake ilikuwa ikiuza vitu vya kuchezea vya mpira vilivyojazwa hewa. Vifaru vyake vya 1/76 vilianza kutoka mapema katika miaka ya 1960, na vizazi kadhaa vya watoto wa Kiingereza vilijifunza vita vya dunia sakafuni kwa vifaru hivyo. Mwaka 2006 Airfix ilinunuliwa na Hornby, wale watengenezaji wa treni ndogo, na kalibu nyingi za zamani zimekuwa zikitolewa tena na tena.

Kwa haki, sanduku la Airfix la kifaru cha kale ni kama samaki wa soko la jioni, hapana budi umnuse kwanza. Sherman wao umbo lake halikutulia, na wajuzi wamekuwa wakimlaumu kwa miaka mingi. Nami nilipomweka mbele ya picha ya Sherman wa kweli niliwapa haki yao. Tiger wao naye si wa kujivunia. Lakini Panzer IV wao ni jambo jingine. Ndani ya sanduku moja mna mizinga miwili, mfupi na mrefu, na mtu huchagua. Kwa mchezo wa jangwani hilo ni neno kubwa, kwa sababu mwaka 1941 Panzer IV wa Rommel alikuwa na mzinga mfupi wa milimita 75 wa kurusha mabomu ya kulipuka, na yule wa mzinga mrefu alifika mwaka 1942 akawatia Waingereza hofu. Mimi siugandishi mzinga wowote. Nauchomeka tu, nikabadilisha kulingana na mwaka tunaoupigania.

Ila kubwa ya Airfix za zamani ni minyororo. Imetengenezwa kwa plastiki laini nyeusi, nayo haishiki gundi. Karatasi ya maelezo humwambia mtu aitie bisibisi motoni, kisha aukandamize ule mwisho wa mnyororo hata uyeyuke na kushikana. Ukizidisha moto mnyororo hukatika, ukipunguza hufunguka usiku, na asubuhi unakuta kifaru kimevua viatu. Askari wao wadogo nao ni wa plastiki hiyo hiyo laini, na rangi hubambuka kwao kama ngozi ya mtu aliyechomwa na jua.

Katika wakongwe hao nimempenda Grant, na sanduku lake humpa mtu Grant au Lee kwa hiari yake. Kifaru hiki cha Marekani kilikuwa na sura ya ajabu: mzinga mkubwa wa milimita 75 umewekwa ubavuni, upande wa kulia, na mwingine mdogo juu katika kichwa kizungukacho. Kilipotokea Gazala mwezi wa Mei 1942 kiliwashangaza Wajerumani kwa nguvu. Lakini mzinga wa ubavuni uko chini, kwa hiyo kifaru hakiwezi kujificha nyuma ya kilima kikatoa kichwa tu. Lazima kionyeshe kifua chote. Mtu anaweza kuyasoma hayo katika vitabu kumi asiyaelewe, na akakiweka kifaru hicho nyuma ya kilima cha karatasi, akainama mpaka jicho lake likafika usawa wa meza, akayaona mara moja.

Matchbox nao, ambao zamani walikuwa washindani wa Airfix, walikuwa na desturi nzuri mbili katika miaka ya 1970. Vipande vilipigwa kwa plastiki ya rangi mbili au tatu, hata mtoto asiye na rangi ya kupaka alipata kifaru kisicho cheupe kama jino. Tena kila sanduku lilikuja na kipande cha ardhi, ukuta uliobomoka au barabara, cha kukisimamishia kifaru. Panzer III wao ni mzuri. Sanduku lao lililonivutia kuliko yote ni lile la magari ya kikosi cha Kiingereza cha kupenya jangwani, lenye lori la Chevrolet na Jeep. Baadhi ya kalibu za Matchbox baadaye zilitumiwa na Revell, na masanduku ya zamani huuzwa mkono kwa mkono. Mwenye kulipata asiulize rangi ya karatasi yake, alichukue.

Waitaliano nao wasisahauliwe, kwani bila wao hapana vita vya jangwani. Kifaru chao cha M13/40 cha kipimo cha 1/72 kilitengenezwa kwanza na kampuni ya Esci, kisha kalibu zikapita mikononi mwa Italeri, kampuni ya huko huko Italia. Hapa nasema wazi kwamba nimekipenda. Mwili wa kifaru cha kweli ulikuwa wa mabamba yaliyofungwa kwa ribiti, wala haukuchomelewa, na ribiti hizo zimechorwa vizuri hata kidole kikipita juu yake kinazihisi. Risasi ilipopiga bamba la namna hiyo ribiti ziliweza kuchomoka ndani na kuwaua waliomo. Mzinga wake wa milimita 47 haukuwa mbaya kwa siku zake, lakini injini ilikuwa dhaifu na deraya hafifu. Waliovipanda vifaru hivi hawakuwa waoga kama yalivyotangazwa. Divisheni ya Ariete ilipigana El Alamein hata tarehe 4 Novemba 1942 ikamalizwa. Tofauti ya 1/72 na 1/76 ni ndogo, na mezani M13 hawi na aibu mbele ya Matilda.

Sasa nije kwa vya siku hizi vilivyotengenezwa makusudi kwa mchezo. Battlefront wa New Zealand walianza mchezo wao wa Flames of War mwaka 2002, kwa kipimo cha 1/100. Mwanzo vifaru vyao vilikuwa vya rezini na madini, vizito na ghali. Mwaka 2017 walitoa majeshi ya El Alamein kwa plastiki ngumu: Crusader, Grant, Panzer III na wenzao. Kazi imerahisishwa sana. Mnyororo na magurudumu ni kipande kimoja, na kichwa hushikwa na sumaku ndogo mbili zilizomo sandukuni, hata kikizungushwa hakianguki. Nitakalolaumu ni mizinga. Imenenepeshwa ili isivunjike mikononi mwa wachezaji, na mzinga wa Crusader, ambao ulikuwa mwembamba kama ufito, umekuwa kama bomba la maji. Mtu wa historia huona. Mtu wa mchezo hashughuliki.

Kampuni nyingine ya Kiingereza, Plastic Soldier Company, ilitoa masanduku ya vifaru vitano vya 1/100, au vitatu vya 1/72, na katika fremu zake mlikuwa na vipande vya kumwezesha mtu kuunga matoleo mbalimbali ya kifaru kimoja. Kwa hesabu ya fedha hapana aliyewashinda. Warusi wa Zvezda wao walichukua njia ya mkato: Matilda wao wa 1/100 ana vipande vichache mno na hahitaji hata gundi, unavibana tu vikakamatana. Nilimpa kijana wa miaka kumi, na kabla sijamaliza chai yangu alikuwa amekwisha. Michoro yake si mirefu sana, lakini umbo ni sahihi, na kwa mtu anayeanza simtajii kingine.

Wale wa 1/56, kama Rubicon na Warlord, wana vifaru vizuri kweli kweli, na sanduku la Rubicon aghalabu humpa mtu kifaru kimoja kwa sura zaidi ya moja. Lakini kila kifaru huchukua nafasi ya sahani ya birika, na vikifika sita meza imejaa, jangwa limekuwa kituo cha matatu. Tamiya wa 1/35 na 1/48 ni mafundi wasio na kifani, vipande vyao huingiana kama mlango wa Lamu na fremu yake. Vitu hivyo ni vya kabati la vioo, kuvichezea ni israfu.

Nikiambiwa nichague, basi: kwa vita vikubwa ni 1/100, na kwa raha ya kuunga ni wale wakongwe wa 1/76 pamoja na M13 wa Italeri.

Kuna mambo ambayo vitabu vya Wazungu havimwambii mtu wa pwani. La kwanza ni unyevu wa hewa. Vanishi ya kupuliza, ukiipuliza siku ya mvua za masika au jioni ya umande, hugeuka ukungu mweupe juu ya kifaru na rangi yote huharibika. Ngoja mchana mkavu wa kaskazi, au tumia vanishi ya brashi. La pili ni mchanga. Wengi watakimbilia pwani kuchota mchanga wa bure wa kumwagia uwanja. Mchanga wetu una chumvi, nayo chumvi hunyonya maji, na baada ya miezi miwili jangwa lako litakuwa linatoa jasho. Uoshe kwa maji baridi mara tatu, uuanike, uuchunge. La tatu, vipande vyote vioshwe kwa sabuni kabla ya kupakwa rangi, kwani hutoka kiwandani na mafuta ya kalibu.

Na rangi yenyewe msiiamini picha ya juu ya sanduku. Wengi hudhani kila kifaru cha jangwani kilikuwa cha manjano. Wajerumani walipofika Tripoli mwezi wa Februari 1941 vifaru vyao vilikuwa vya kijivu cha Ulaya, wakapata rangi ya mchanga baadaye. Waingereza walipoingia El Alamein mwezi wa Oktoba 1942 wengi walikuwa wamepaka rangi ya waridi ya vumbi, wakakata juu yake mabaka ya kijani cheusi. Kifaru cha waridi! Lakini litazame jangwa wakati jua linazama utaelewa.

Tena kabla ya mapigano yale Waingereza wenyewe walicheza mchezo wa vifaru vya bandia, na vya ukubwa kamili. Walijenga vifaru vya mbao na turubai upande wa kusini ili adui adhani watashambulia huko, na vifaru vya kweli upande wa kaskazini wakavivika turubai vikaonekana kama malori. Wakati mwingine nikiwa na gundi vidoleni hukumbuka kwamba mafundi wa jeshi la Jenerali Montgomery walikuwa kazini mwangu.

Mchezaji mpya lazima aelezwe habari ya masafa, la sivyo atabishana bure. Mzinga wa Matilda uliweza kupiga kifaru kingine kwa mita 900 hivi. Kwa kipimo cha 1/76 hizo ni karibu mita 12. Nani mwenye meza ya mita 12? Ungelazimika kukodi ukumbi wa harusi. Kwa hiyo kanuni zote huyabana masafa, na ule mzinga wa Kijerumani wa milimita 88, uliokuwa ukiua vifaru kabla vyenyewe havijauona, mezani huonekana kama umesimama mlango wa pili. Hapo mchezo hudanganya, na hakuna kanuni niliyoisoma iliyoponya uongo huo sawasawa. Unafuu uko katika vifaru vidogo zaidi, ndiyo sababu nyingine ya kupendelea 1/100.

Haya, sasa nije kwa swali nililoulizwa na zaidi ya mtu mmoja baada ya sala: je, vitu hivi vyafaa kuwekwa katika nyumba ya Mwislamu?

Mimi si sheikh, na mwenye shaka awaulize wenye elimu. Nitasema niliyoyafahamu. Kifaru ni chombo, hakina roho, na katika mafundisho yaliyopokewa kutoka kwa Ibn Abbas aliyetaka kuchora ameelekezwa kwenye miti na vitu visivyo na roho. Kwa hivyo kifaru, lori, mzinga na kilima havina neno. Matata yako kwa askari. Karibu kila sanduku lina kamanda wa plastiki, nusu mtu, wa kusimamishwa juu ya kifaru akichungulia kwa darubini. Wapo wanaosema ni kitu cha kuchezea tu, wakatoa hoja ya wanasesere wa Bibi Aisha, na wapo wanaojibu kwamba ruhusa ile ni ya watoto. Mimi nimeikata njia ya ugomvi: kamanda namwacha kwenye fremu yake, na mfuniko wa kifaru naufunga. Askari wa miguu nawaonyesha kwa vibao vidogo vyenye alama, kama ramani za maafisa zinavyofanya. Mchezo haukupungukiwa na kitu. Vitani kamanda mwenye akili hufunga mfuniko risasi zikianza.

Dadu ndilo gumu zaidi. Takriban kanuni zote za siku hizi zinatumia dadu: umepiga au umekosa, deraya imetoboka au haikutoboka, yote huamuliwa na dadu. Nasi twajua makatazo yaliyokuja juu ya mchezo wa nardi. Wanazuoni wa madhehebu yetu ya Shafi walitofautisha baina ya nardi, unaotegemea bahati, na sataranji, unaotegemea fikra. Wa kwanza wakauharimisha kwa kauli yenye nguvu, na wa pili wakaukirihi, maadamu hapana kamari wala sala inayopotezwa. Mchezo wa vifaru uko wapi hapo? Fikra zake ni nyingi kuliko za sataranji, lakini bahati imo. Baadhi ya vijana hujibu kwamba hapana fedha inayowekwa. Jawabu hilo halikunitosheleza.

Jambo la kupendeza ni kwamba dadu si nguzo ya mchezo huu. Huko huko Ujerumani, mwaka 1876, afisa mmoja aitwaye Verdy du Vernois aliandika kwamba dadu na majedwali yote yatupwe, na badala yake awepo mwamuzi mmoja aliyepigana vita, aamue kwa elimu yake. Na H. G. Wells yeye alitumia mzinga wa chuma wa kuchezea, wa springi, unaorusha kijiti: askari akianguka amekufa, asipoanguka yu hai. Hapo ni shabaha, hakuna bahati nasibu.

Sisi tunacheza kwa mwamuzi. Mwenzetu mmoja, mwalimu mstaafu wa jiografia, hukaa kitako na daftari lake la deraya na mizinga. Akiambiwa, "Maalim, Panzer III wangu anampiga Matilda kwa mbele, mita mia sita," hufungua daftari, akatazama: deraya ya Matilda mbele ni milimita 78. Hutikisa kichwa. "Umempaka rangi tu." Hapana rufaa. Na nimegundua kwamba mchezo wa namna hii humlazimisha kijana kusoma, kwani bila dadu hawezi kuilaumu bahati. Adhana ikilia mchezo husimama ulipo, na hilo halijadiliwi.

Lakini kuna ila moja ya vifaru hivi ambayo sikuiona mpaka nilipovipanga vyote pamoja. Masanduku yote yanatupa Mwingereza, Mjerumani, Mtaliano na Mmarekani. Mwenye nchi hayumo.

Rejea ile tarehe 9 Desemba 1940, Matilda walipoingia kambi ya Nibeiwa na risasi zikidunda. Ile kambi ya "Waitaliano" ilikuwa imejaa askari wa Kilibya, Waislamu waliovikwa sare ya mkoloni. Miaka tisa tu nyuma, tarehe 16 Septemba 1931, mkoloni huyo alimnyonga Sheikh Omar al-Mukhtar mbele ya watu wake, baada ya kuwafungia kambini watu wa Barka wapatao maelfu kwa maelfu. Upande wa pili walikuwapo Walibya wengine, wafuasi wa Sanusi, waliojiandikisha na Waingereza tangu mwaka 1940 ili warudi kwao. Basi ndugu na ndugu walikuwa pande mbili za vita visivyo vyao. Sanduku la jambo hilo sijaliona dukani.

Na El Alamein vita havikwisha tarehe 4 Novemba. Wajerumani na Waitaliano walitega mabomu ardhini karibu nusu milioni mbele ya mistari yao, na Waingereza walikuwa na yao. Serikali ya Misri imekuwa ikitaja mabomu na risasi zisizolipuka zipatazo milioni 17 katika jangwa lile la magharibi. Mabedui wa Awlad Ali, wachunga mbuzi na kondoo, wameendelea kukatika miguu kwa mabomu yaliyotegwa kabla hawajazaliwa, katika vita ambavyo babu zao hawakuulizwa.

Kanuni za mchezo husema kwamba mchezo ukiisha, alama za mabomu ziondolewe mezani. Maalim alikataa. Kwenye ubao wetu sehemu zilizotegwa tumezichora kwa rangi, hazifutiki, na yeyote anayecheza baadaye, awe anapigania mwaka 1942 au vinginevyo, huzikuta pale pale na hana budi kuzizunguka. Mara ya mwisho zilikuwa zimefika robo ya uwanja, na kijana mmoja akauliza kama tutanunua ubao mpya. Maalim alimwambia Mabedui hawana ubao mpya, akamwonyesha pahali pa kupitishia vifaru vyake.